Daftari kwanza, sola baadaye

Ukiingia duka la sola Kariakoo au barabara ya Luthuli jijini Nairobi, swali la kwanza utakaloulizwa ni bajeti yako. Muuzaji halaumiki kwa hilo. Lakini swali litakaloamua kama utakaa na mwanga miaka mitano au miezi minane ni jingine kabisa: nyumba yako inakula umeme kiasi gani kwa siku, saa zipi, na kwa kazi zipi. Watu wengi hununua bila kulijibu, kisha wanarudi dukani kuongeza paneli wakati shida ilikuwa king'amuzi kinachokesha.

Watafiti wa nishati huanzia hapo kila mara, kwenye kupima. Mmoja ambaye kazi yake inatuhusu moja kwa moja ni Arne Jacobson, Mmarekani aliyechunguza soko la sola la Kenya kwa miaka mingi na baadaye akaongoza Kituo cha Utafiti wa Nishati cha Schatz, huko Humboldt, California. Mwaka 2007 alichapisha matokeo ya uchunguzi wake kuhusu kile hasa umeme wa sola unachofanya katika nyumba za vijijini Kenya. Aligundua kwamba umeme huo ulikwenda zaidi kwenye televisheni, redio na kuchaji simu, na kwamba shughuli za kuingiza kipato na masomo ya watoto vilipata mgao mdogo kuliko wengi walivyotarajia. Nitarudi kwenye jambo hilo, maana lina uzito kuliko paneli yenyewe. Kwanza tupime.

Chukua daftari la kawaida. Kila chombo cha umeme kipe mstari wake, hata chaja ya simu, hata kile kitaa cha barazani. Kwa wiki nzima andika saa kilipowashwa na saa kilipozimwa. Usiandike kwa kukumbuka jioni, kwa sababu kumbukumbu hupunguza saa za televisheni na kuongeza za taa. Mpe kazi hiyo mtoto wa darasa la sita, mara nyingi huifanya kwa uaminifu kuliko mtu mzima. Kama huna umeme bado, andika unachotumia sasa: taa ya tochi imewaka saa ngapi, simu ngapi zimepelekwa kuchajiwa dukani, redio imelia muda gani.

Kisha tafuta wati za kila chombo. Kibandiko cha nyuma kinasaidia, ila huandika kiwango cha juu ambacho chombo hakifiki kila wakati. Kama nyumba ina mita ya LUKU au ya tokeni, unayo mizani nzuri tayari na hujailipia zaidi. Mita nyingi zina kitaa kidogo chekundu kinachowaka na kuzima, na kando yake pameandikwa idadi, mara nyingi 1000 imp/kWh. Maana yake kitaa kikiwaka mara 1,000 umetumia uniti moja. Zima kila kitu isipokuwa chombo unachokipima, hesabu kitaa kimewaka mara ngapi kwa dakika 6, kisha zidisha kwa 10. Jibu ni wati. Ikiwa mita yako imeandikwa 1600, zidisha kwa 6.25 badala ya 10.

Tuseme friji imewasha kitaa mara 12 wakati inanguruma. Hiyo ni wati 120. Lakini friji haingurumi muda wote, kwa hiyo kaa nayo saa moja na uhesabu dakika. Ikinguruma dakika 20 kwa kila saa, kwa siku ni saa 8, na 120 mara 8 ni wati-saa 960, karibu uniti moja. Sasa unajua friji yako kuliko anayekuuzia. Na ukiona inanguruma dakika 45 kwa saa, tatizo huenda ni raba ya mlango iliyolegea au friji kubanwa ukutani isipumue. Kurekebisha hayo ni bei rahisi kuliko kununua paneli ya kuilisha.

Jaribio jingine fanya usiku. Zima vyombo vyote kwa rimoti kama mnavyofanya kila siku, friji ichomoe kwa muda, halafu nenda ukaangalie kile kitaa. Kikiendelea kuwaka, kuna kitu kinakula umeme mkiwa mmelala.

Hesabu ya nyumba moja ya mfano itaonesha kwa nini nasisitiza hivi. Ina taa tano za LED za wati 7, zinawaka saa 4: wati-saa 140. Televisheni ya wati 40 kwa saa 5: 200. King'amuzi cha wati 12 kwa saa hizohizo 5: 60. Simu tatu, wati-saa 20 kila moja: 60. Feni ya wati 50 kwa saa 6: 300. Jumla ni wati-saa 760 kwa siku. Sasa acha king'amuzi kwenye soketi mchana na usiku, kwa sababu ving'amuzi vingi vikizimwa kwa rimoti huendelea kula karibu kiasi kilekile. Wati 12 kwa saa 24 ni wati-saa 288. King'amuzi kimeipita televisheni yenyewe, na jumla ya nyumba imepanda hadi 988.

Ibadilishe hesabu hiyo kuwa paneli. Kuna umeme unaopotea njiani, kwenye betri, inveta na waya, kwa hiyo gawanya matumizi kwa 0.75. Wati-saa 760 zinakuwa kama 1,010. Halafu gawanya kwa saa za jua kamili. Sehemu kubwa ya Afrika Mashariki hupata wastani wa saa 4 hadi 6 za namna hiyo kwa siku. Usichukue wastani wa mwaka, chukua mwezi wako mbaya. Anayeishi nyanda za juu Kenya anajua Julai ilivyo, na wa Bukoba anazijua mvua zake. Kwa saa 4, nyumba yetu inahitaji paneli za wati 250 hivi. King'amuzi kikikesha, inahitaji karibu wati 330. Tabia moja ya kutochomoa waya imekugharimu wati 75 na zaidi za paneli, na bado hatujahesabu betri.

Betri ndiyo inayomaliza pesa. Tuseme wati-saa 700 kati ya zile 760 zinatumika jua likishazama. Betri ya risasi, ile ya maji au jeli, haitakiwi kushushwa chini ya nusu kila siku, kwa hiyo unahitaji mara mbili: wati-saa 1,400, ambazo kwa volti 12 ni ampia-saa 117. Nunua ya 150 upate nafasi ya siku ya mawingu. Betri ya lithiamu, aina ya chuma na fosfeti, inaweza kushushwa asilimia 80 bila kuumia, hivyo ya ampia-saa 100 inatosha. Bei yake ni kubwa siku ya kwanza, lakini hudumu mizunguko mingi zaidi ya kuchaji, na mtu anayeweza kujinyima miezi michache aifikie, namshauri afanye hivyo. Kitu ambacho simshauri mtu yeyote ni betri ya gari, N70 au N100, kwa sababu tu fundi anayo. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache gari liwake. Ukiishusha kila usiku, mwaka hauishi kabla haijakufa.

Sasa nirudi kwa alichokiona Jacobson. Mfumo ukiwa mdogo, kila saa ya televisheni inatoka mahali fulani, na mara nyingi inatoka kwenye taa ya anayesoma. Hakuna anayeamua hivyo kwa makusudi. Baba anaangalia taarifa ya habari, inafuata tamthilia, na ikifika saa nne usiku kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji ya betri, inakata umeme wote, mtoto wa kidato cha pili akiwa katikati ya hesabu zake. Sioni ubaya wa televisheni. Habari, mpira na kuwasiliana na ndugu walio mjini ni haki ya mtu wa kijijini sawa na wa Dar es Salaam. Ila familia ikae na lile daftari na iamue waziwazi: umeme ukibaki kidogo, uende wapi? Kisha uamuzi huo ufungwe kwenye waya, usiachiwe nidhamu ya kila usiku. Njia rahisi ni kununua taa ndogo ya sola yenye betri yake humohumo, iwe ya masomo tu. Inachajiwa juani mchana, na hata televisheni ikikausha betri kubwa, taa ile haiguswi.

Na ununuzi wenyewe? Hapa pia watafiti wameturahisishia. Mwaka 2004 na 2005 Jacobson na mwalimu wake Daniel Kammen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipima chapa tano za paneli za aina ya silikoni isiyo na fuwele zilizokuwa zikiuzwa Kenya. Tatu kati ya tano zilitoa umeme chini sana ya ulioandikwa. Vipimo vya mwaka 1999 vilikuwa vimeonesha sura hiyohiyo. Baada ya matokeo kutangazwa, Shirika la Viwango la Kenya lilianza kusimamia viwango vya paneli. Soko la leo ni tofauti, paneli nyingi ni za fuwele, lakini kibandiko cha uongo hakijaisha. Kwa hiyo pima mwenyewe kabla ya kulipa.

Utahitaji multimita, ile ya kawaida ya fundi redio. Omba paneli itolewe nje karibu na saa sita mchana, anga likiwa jeupe, na ielekezwe juani. Muuzaji atataka kukuonesha volti, na zitapanda hadi 21 au 22, nawe utafurahi bure. Paneli ya wati 20 na ya wati 100 zote huonesha volti hizo. Wati zinajificha kwenye ampia. Geuza paneli au ifunike kwa kitambaa, weka waya mwekundu wa multimita kwenye tundu la 10A, zungusha kitufe hadi ampia za DC, unganisha ncha mbili na nyaya mbili za paneli, kisha ondoa kitambaa. Linganisha na namba iliyoandikwa Isc nyuma ya paneli. Paneli ya wati 100 ya volti 12 huandikwa karibu ampia 6, na kwa jua kali la saa sita inatakiwa ifike asilimia 85 au zaidi ya hapo. Ikitoa 3, hiyo si paneli ya wati 100, haidhuru kibandiko kimeandikwa kwa herufi za dhahabu. Funika tena kabla ya kuchomoa, cheche ya umeme wa jua huunguza. Paneli kubwa ambazo Isc yake inakaribia au kupita ampia 10 usizipime kwa njia hii, mwite mwenye mita ya kubana waya.

Kontrola nayo ina mtego wake. Zile za bei nafuu, PWM, huvuta volti za paneli zishuke zilingane na za betri. Paneli kubwa ya wati 270, aina ya kufungwa kwenye mapaa ya majengo, hutoa kama volti 31 na ampia 8.7. Ukiiunganisha kwa PWM kwenye betri ya volti 12, ampia zinabaki 8.7 lakini volti zinakuwa 13 hivi, na kinachoingia ni wati 113. Umelipia 270. Kwa paneli ya namna hiyo nunua kontrola ya MPPT, ambayo hugeuza volti za ziada kuwa ampia. PWM iende na paneli iliyotengenezwa kwa volti 12.

Waya pia. Kwenye volti 12, waya mwembamba ni mwizi mkubwa kuliko jirani aliyejiunganishia. Ampia 10 zikipita mita 10 za waya wa milimita 2.5, kwenda na kurudi, unapoteza karibu volti moja na nusu, zaidi ya asilimia 12. Waya wa milimita 6 hupunguza hasara hiyo hadi kama asilimia 5. Sogeza betri karibu na paneli, na weka fyuzi karibu na betri.

Juu ya paa mambo ni machache. Walio kusini mwa ikweta waelekeze paneli kaskazini, wa kaskazini kusini, kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ishuke na vumbi. Acha nafasi ya kiganja kati ya paneli na bati hewa ipite, maana paneli ya fuwele hupoteza asilimia 0.3 hadi 0.4 kwa kila nyuzi joto inapopita 25, na juu ya bati la Tanga inafika 60 bila shida. Angalia kivuli cha antena: kikifunika seli chache tu, umeme wa paneli nzima unashuka, kwa sababu seli zimeungwa mfululizo.

Mfumo ukishawaka, inaanza kazi ambayo wengi huipuuza, ya kuusimamia. Kwenye kituo kile cha Schatz, watafiti walishirikiana na Blue Lake Rancheria, jamii ya wenyeji asilia wa California, kujenga gridi ndogo ya sola na betri iliyoanza kazi mwaka 2017. Oktoba 2019 shirika la umeme lilipozima maeneo makubwa ya kaskazini mwa jimbo kwa hofu ya moto wa porini, gridi ile ilijitenga na kuendelea kuwasha majengo yake. Siri yake moja ni kwamba umuhimu wa matumizi umepangwa mapema: umeme ukipungua, yasiyo ya lazima yanatangulia kuzimwa, ya lazima yanabaki. Kule ni kompyuta inayofanya hivyo. Kwako ni swichi na kontrola.

Mwambie fundi agawe nyumba njia mbili. Ya kwanza ni taa za ndani na kuchaji simu, itoke kwenye tundu la kontrola lenye alama ya taa, ambalo hujikata betri ikishuka. Ya pili ni inveta: televisheni, feni, na vinginevyo. Inveta iwe na kikomo cha juu zaidi. Kwa betri ya risasi ya volti 12, iliyopumzika bila mzigo, 12.7 ni imejaa na 12.2 ni karibu nusu. Panga inveta izime betri ikishuka karibu 12.0 ikiwa na mzigo, na njia ya taa karibu 11.6. Inveta nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa 10.5, na hapo betri ishaumia zamani. Kama yako haibadiliki, nunua kifaa kidogo cha kukata umeme kwa volti unazochagua. Na inveta ikiwa haina kazi izime kabisa, hula wati 10 au zaidi kwa kuwa tu imewashwa.

Hamishia mchana kila kinachohamishika. Kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri jua linaweza kuendesha vyombo moja kwa moja, umeme haupiti kwenye betri na haupotei humo. Chaji simu zote, taa za mkono, mashine ya kunyolea. Pampu ya maji ijaze tangi saa hizo, maji yaliyopandishwa mchana yanatosha usiku. Mwenye friji ya sola agandishe chupa za maji mchana, jioni azihamishie sehemu ya chini na apunguze kiwango cha baridi. Kompresa italala usiku.

Kwa walio kwenye umeme wa gridi, daftari lina faida nyingine. Watafiti wa mpango wa upishi wa kisasa uitwao MECS, unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Loughborough cha Uingereza, waliwaomba watu wa Tanzania, Kenya na Zambia waandike kila walichopika na umeme uliotumika. Hapa Tanzania walifanya kazi na shirika la TaTEDO. Jiko la presha la umeme lilionesha tofauti kubwa kwa vyakula vya kuchemsha muda mrefu: maharage yanaiva kwa kama nusu uniti au pungufu. Usikubali kwa kuambiwa, soma uniti kwenye mita kabla na baada ya sufuria moja, kisha linganisha na bei ya mkaa ambao ungetumia siku hiyo.

Betri ikae kivulini. Ya risasi hupoteza karibu nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 za joto juu ya 25, kwa hiyo stoo ya bati isiyo na dirisha ni kaburi lake. Kama ni ya maji, ongeza maji ya betri yaliyosafishwa pale yanapopungua, usiongeze asidi. Chumba kipitishe hewa, moto usisogezwe.

Siku ya kwenda dukani nenda na ukurasa mmoja uliokatwa kwenye daftari: wati-saa za mchana, wati-saa za usiku, chombo chenye wati kubwa kuliko vyote, mwezi wenu mbaya wa jua. Kama uko Kenya, muulize fundi leseni yake ya EPRA ni daraja gani, T1, T2 au T3. Tanzania, muulize ya EWURA. Kisha mwombe akuandikie kwenye risiti mfumo wake utatoa wati-saa ngapi kwa siku katika mwezi ule mbaya, na betri ina dhamana ya muda gani. Akikwepa kuandika, duka la pili lipo hatua chache mbele.